Ndege za Mwisho na Sikio la Haron

Jumatatu, 3 Novemba 2025

"Mtu mwenye akili zake haagi chuma." Maneno ya shemeji yangu, wakili Ogari, leo redioni, kipindi cha asubuhi, watu wakinywa chai. Akaongeza kwamba ndege za kivita zinazostaafu mwezi huu hazijawahi kumfaa mtu yeyote wa Kisii wala Nyamira, na kwamba wanaopanga kuzipungia mikono ni watu wasio na kazi.

Uongo! Na wa kwanza kujua ni uongo ni yeye mwenyewe. Siku alipouza Pijo yake kuukuu nilikuwepo. Aliipapasa boneti kama mchungaji anayebariki mtoto. Akamwonya mnunuzi asiipigie honi ovyo, haijazoea. Kisha akaingia ndani, akafunga pazia, wageni tumebaki uani na soda zetu. Kumbe ile haikuwa chuma? Ilikuwa ng'ombe?

Na hoja ya pili. Nimepinga bajeti ya silaha gazetini tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na nitaendelea. Nimesoma vya kutosha kuhusu vita kujua nani hufa na nani huvishwa nishani. Lakini kupinga bunduki Jumatatu hakunizuii kushukuru watu Jumanne. Asiyeweza kubeba mawazo mawili kwa kichwa kimoja asialikwe redioni.

Haron alikuwa sebuleni redio ikiwa juu kabisa, na hakusikia neno hata moja la Ogari. Kwa leo, afadhali.

Mume wangu alikuwa fundi wa injini za ndege hizo miaka ishirini na saba. Yeye alistaafu Agosti, zenyewe zinamfuata Novemba. Skwadroni inavunjwa, watu wanagawanywa vikosi vingine. Sikio lake la kushoto limekufa. La kulia linaondoka polepole, na daktari ametuambia tusitegemee litafika mbali mwaka ujao. Mwaliko wa sherehe kambini umekuja — ameukataa.

"Nikienda nitaiona ikizimwa," aliniambia. "Mimi nataka kuisikia ikipita. Mara moja tu."

Basi. Kazi yangu mwezi huu ni hiyo.

Jumatano, 5 Novemba

Nimempata Meja Ombok kwa simu. Kijana wa kwetu, upande wa ziwa. Rubani, na atarusha moja ya zile ndege mbili za mwisho. Haron ndiye aliyekuwa akimfunga mikanda kabla ya kuruka. Ananiita Mama.

Ziara ya kuaga ni Jumamosi ijayo, tarehe kumi na tano: Nakuru, Kisumu, ziwani, nyumbani. Kisii haimo. Nikamwuliza kama ramani yao imechorwa na Ogari. Hamjui Ogari, alicheka kwa adabu tu.

Nikamweleza habari ya sikio.  

"Sajini Haron?" akauliza. "Sajini *wetu*?"

Akasema ataongea na mkubwa wake. Jioni nikifunga duka la vitabu, simu hiyo! Watapita juu ya Keumbu, hapa tunapoishi, saa nne asubuhi wakienda ziwani, na wakirudi watapita tena, mafuta yakiruhusu. Nikamwambia kupita tu hakutoshi. Ndege ikipita juu sana, Haron ataona kidole cheupe angani na hatasikia kitu. Nataka chini.

"Nitashuka mpaka mabati yatikisike, Mama."

Nikapiga ukelele. Mwenye duka la jirani akaja mbio, akidhani nimeibiwa.

Ijumaa, 7 Novemba

Daraja Mbili, sokoni, asubuhi. Persis, dada yake Haron, ameketi kati ya mikungu ya ndizi kama malkia. Nikampa habari. Akaniangalia chini mpaka juu.

"Wifi, hiyo ndege itatua?"

Haitatua. Itapita.

"Haitatua, haitabeba ndizi, na bado nifunge biashara nije kuitazama?" Majirani zake wakacheka. "Mara ya mwisho zilipopita huku kuku wangu waligoma kutaga. Wale wanajeshi hawakunilipa hata yai."

Lakini alipokuwa akinifungia ndizi akaanza mwenyewe habari ya mazishi ya mama yao. Nami nilikuwepo, ila ukisikia kwa Persis ni kama unaona upya. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima huko kwao Nyamira. Gari la maiti likakwama chini barabarani, mlima wote ulikuwa utelezi. Vijana wa ukoo wakaanza kuangaliana. Skwadroni ilikuwa imeleta watu kumi na kitu, wamevaa sare, viatu vinang'aa. Hawakungoja kuombwa. Walilitwaa jeneza mabegani wakapanda nalo, wanateleza, wanapiga magoti, wanainuka, na halikugusa tope hata mara moja. Rubani na fundi bega kwa bega — matope yamewafanya wote cheo kimoja.

"Na Ogari alikuwa wapi?" nikauliza, ingawa najua.

"Alikuwa nyuma, na gambuti zake na mwavuli, anawaelekeza!"

Tukacheka mpaka tukashikana. Kisha Persis akapangusa macho, akasema atakuja Jumamosi, na kuku wajisimamie wenyewe.

Hazijawahi kumfaa mtu yeyote wa Nyamira! Ogari, wewe ulilipanda tope lile nyuma yao.

Jumapili, 9 Novemba

Nje ya kanisa. Ogari kanijia, tai nyekundu, tabasamu la mahakamani.

"Shemeji, nasikia unanichongea kalamu."

"Bado nainoa."

Akajitetea kwamba alimaanisha bajeti. Nikamwambia alisema chuma, na Kiswahili changu nilikisoma shule, chuma si bajeti. Akageukia utani, kama kawaida yake akiishiwa: ninyi watu wa ziwa mkisikia kuna kuaga, mnafika kabla hamjauliza nani ameenda. Nikamjibu: nanyi mkifika, cha kwanza mnauliza mpaka wa shamba uko wapi. Waumini wamesimama na Biblia zao wakitusikiliza kuliko walivyosikiliza mahubiri.

Nikamwuliza mbele ya wote: nani alimbeba mama mkwe wangu?

Akainyoosha tai yake. 

Haron alikuwa pembeni, ametabasamu tu, anatazama midomo yetu inavyochapa. Ogari akamwendea, akainama kwenye sikio la kulia, akamwita kwa jina la kwao, akipaza sauti: "Mogaka! Jumamosi nitakuja kukagua kama kodi yangu imepaa vizuri!"

"Ukija," Haron akasema, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe, "usije na hotuba."

Kanisa zima likacheka. Nilimpenda sana wakati ule.

Jumanne, 11 Novemba

Ratiba imebadilishwa. Sasa ni saa tisa alasiri.

Saa tisa! Nani alikaa kwenye kiti akaandika saa tisa? Mtoto wa darasa la kwanza wa hapa anajua kwamba nguo zinaanuliwa saa saba, na ikifika saa nane wingu limekaa juu ya mlima kama kuku juu ya mayai. Nimempigia Ombok nikasema hayo yote na mengine. Maskini, si kosa lake. Agizo limetoka juu, kuna wageni Kisumu lazima wale kwanza. Ameniambia tu: "Nimekuahidi, Mama. Hata kama kuna wingu nitashuka." Nikamshukuru kwa kelele. Nikasema hivyo ndivyo mwanamume anavyosema.

Haron sijamwambia ahadi hiyo. Nataka imshtue — mabati yatikisike, ageuke, aone.

Alinikuta jikoni ninavuta pumzi kama fahali. Akanikalisha. Akasema ratiba ya kuruka haijawahi kupangwa na mke wa fundi.

Nikamwuliza kitu ambacho sijui kwa nini sijawahi kumwuliza. Mlipewa vya kuzibia masikio?

Walipewa. Vizuri kabisa, na adhabu juu yake ukivivua. Lakini yeye, injini ikiwaka, alikuwa akifunua upande mmoja kidogo. Mashine husema jambo moja kwenye saa zake za vipimo, na jingine kwa sauti.

"Nilikuwa nafunua la kushoto. Ndiyo maana limetangulia."

"Haron! Kwa ajili ya chuma?"

"Kwa ajili ya aliyekaa ndani." Akanywa chai. "Kila niliyemfunga mkanda alirudi akaufungua mwenyewe."

Hakujigamba. Alisema kama mtu anayesema maziwa yapo. Mimi, ambaye nina jibu la kila kitu, niliosha vikombe.

Alhamisi, 13 Novemba

Mvua ya mawe saa nane. Majani ya ndizi yote vitambaa. Haron alisimama mlangoni, kiganja kwenye bati la veranda, akisikia mvua kwa mkono.

Jumamosi, 15 Novemba

Naandika kwenye paja, uwanja wa shule ya msingi, Keumbu. Karatasi inalowa. Lazima niandike, la sivyo nitapiga kelele, na kelele zangu leo hazimsaidii mtu.

Asubuhi jua lilikuwa kama la mzaha. Saa sita bado jua! Persis amekuja na viti vya plastiki na ndizi za kuchoma, watoto wa sokoni, kwaya nusu. Ogari amekuja na mwavuli wake na amekataa kukaa, mkaguzi hakai. Haron amenyolewa ndevu, amevaa koti la harusi, kifaa cha kusikia kwenye sikio la kulia, betri mpya. Watu wakimpa mkono kama bwana harusi.

Saa nane ukungu ukaanza kupanda kutoka bondeni. Saa nane na nusu hatukuiona tena ile minara ya simu ya ng'ambo. Wingu likatua mpaka kwenye vilele vya mikaratusi.

Saa tisa na kidogo — zikapita.

Hatukuona kitu. Lakini ile sauti! Ilitoka upande wa Nyamira, ikapasuka juu yetu kama mtu anachana mbingu kama kitambaa. Mbali, juu ya wingu, lakini sote tuliisikia. Watoto wakaruka. Persis akapiga vigelegele. Na Ogari — mtu mwenye akili zake! — akatupa mwavuli, akanyoosha mikono miwili kwenye ule weupe mtupu: "Hiyooo! Mogaka, hiyo! Hiyo!"

Haron hakutazama juu. Alitutazama sisi. Alitazama midomo iliyo wazi, mikono iliyo juu, akageuka polepole uso kwa uso mpaka akafika kwangu.

"Imepita?" Kwa sauti kubwa, uwanja wote ukasikia.

 Ogari ndiye aliyemwendea. Akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamwambia sikioni: imepita, Mogaka, ilikuwa juu sana, hata sisi tumeisikia kwa shida. Uongo mwingine. Namsamehe wa Jumatatu kwa ajili ya huu.

Nikaharakisha kumtuliza. Nikamwekea mdomo sikioni: zinarudi! Zinageukia ziwani, zinarudi hapa hapa, na Ombok ameahidi kushuka, wingu liwepo lisiwepo, atashuka mpaka mabati yatikisike!

Nilidhani nampa zawadi.

Sijawahi kuuona uso ule. Miaka yote ya ndoa. Akanishika bega, akaliminya.

"Ashuke wapi? Vilima hivi? Na hili wingu?"

Nikaitazama ile mikaratusi. Vilele vyake vimepotea. Nyuma yake kuna kilima, na nyuma ya kilima hicho, kingine, nami nimeishi hapa nusu ya maisha yangu na leo siwezi kukuonyesha hata kimoja.

"Hatakiona mpaka amekigonga," Haron akasema. "Mwambie asishuke. Akumu, mwambie!"

Hajawahi kuniita Akumu tangu tuzae.

Nimepiga simu. Mteja hapatikani. Nimepiga tena. Bila shaka hapatikani, yuko angani! Ogari anaijaribu namba ya kambi, anazunguka uwanja akisema mimi ni wakili, mimi ni wakili, niunganishe na mnara wa kuongozea ndege. Amewekwa asubiri. Persis ameanza kuomba kwa Kigusii, haraka haraka. Haron amesimama katikati ya uwanja bila kofia, uso ameelekeza ziwani, mkono mmoja juu, kiganja wazi, kama alivyokuwa akiwasimamisha marubani kwenye lami. Nani atauona?

Nilikwenda nikasimama naye. Nikamwuliza kama bado anataka kuisikia. Alifikiri. Akasema ndiyo. Kisha akasema injini zile zina moto wa nyuma, ambao hauwashwi ovyo, unakula mafuta, lakini ukiwashwa hata juu kabisa nchi yote chini hutetemeka. "Hiyo," akasema, "pengine ningeisikia kwa miguu."

Nimerudi kwenye kiti. Ogari bado anasubiri kuunganishwa. Upande wa ziwa kuna mngurumo mdogo. Radi, au si radi. Sijui.

Meja Ombok, na wewe mwenzake ambaye sijui jina lako. Nimewaomba mengi na mmekuwa wana wema kwangu. Asanteni, asanteni kwa yote. Ile ahadi ya kushuka naivunja mimi, si ninyi. Msishuke. Hata futi moja! Kaeni juu ya wingu, kwenye jua, na mkifika juu ya Keumbu washeni huo moto wa nyuma, wote, mpaka mwisho, mtuvunjie madirisha, mje mnidai mimi — lakini mpigieni mume wangu kelele.