Paja la Mbuni na Kiti cha Baba

Jumamosi, 8 Novemba

...lakini utamnunia vipi mume anayeingia amebeba paja begani kama bunduki! Nilikuwa nimeshajiandaa. Saa kumi na moja alisema, na sasa ilikuwa saa moja kasoro, chai imepoa mara mbili. Mlango ukafunguka, nikaona paja kwanza, mume baadaye. Paja la mbuni! Jekundu, refu, zito hata bega lake limeinama upande.

Kununa kukaniishia palepale. Wiki ya tano ya ndoa, na bado nikisikia viatu vyake kwenye ngazi moyo unaruka. Fundi cherehani wa chumba cha jirani ananiambia itapita tu. Na isipite!

Paja limetoka kazini. Mume wangu, Wangu nimwitavyo, anahudumia mashine za kutotolea mayai kwenye shamba la mbuni. Mbuni mmoja amevunjika mguu kwenye uzio, bosi akaamua achinjwe, kila mfanyakazi akapata fungu lake, na Wangu akapewa paja zima kwa sababu ni bwana harusi. Amelikata mwenyewe juu ya meza ya jikoni, kwa ule mkono wake wa kushoto, ncha ya ulimi nje. Mtoto wa bucha ni mtoto wa bucha. Mimi kazi yangu ilikuwa kusimama na kumwangalia. Kazi nzuri sana!

Nyama imejaa masufuria mawili na beseni. Friji hatuna bado. Fundi ametupa nafasi kwenye friza yake, kwa sharti la kuonja kila kitakachopikwa.

Nikamwuliza Wangu, Baba yako akijua umeleta nyama hii? Akafuta kisu kwa muda mrefu kuliko kisu kilivyohitaji.

Nisingeuliza.

Jumapili, 9 Novemba

Tuna viti vitatu. Viwili vya plastiki, kimoja cha mbao chenye mikono. Hicho cha mbao Wangu alikinunua kabla hatujanunua hata kitanda, na hakuna anayekikalia. Kila Jumapili anakipangusa kwa kitambaa chenye mafuta. Ni cha Baba.

Baba ni baba mkwe wangu. Miaka arobaini ameuza nyama, na alitaka mwanawe huyu mmoja wa kiume arithi gogo lake la kukatia. Mwanawe akaenda kwa mbuni. Baba akasema: nimesomesha mtoto, kaenda kuatamia mayai. Tangu siku hiyo anamwita Mama Kuku. Harusini alikuja, akala, akaondoka kabla keki haijakatwa. Hapa kwetu hajatia mguu. Na mbuni kwake si nyama — ndege ni ndege, anasema, hata awe na urefu wa mlango.

Wangu anapangusa kiti tu. Leo nilimwona akipitisha kitambaa kwenye mkono wa kiti, taratibu, kama anampapasa mtu. Nikaapa palepale: Baba atakaa kwenye kile kiti, atakula nyama ya kazi ya mwanawe, na ataomba aongezwe.

Nimeanza leo! Nimefukua daftari langu la upishi la kidato cha tatu. Chili — ule mchuzi mzito wa maharage mekundu, nyama ya kusaga, nyanya, pilipili na bizari. Mwalimu aliandika ubaoni "chakula cha kushibisha wanaume watano." Ninaye mmoja, lakini anatosha.

Mashine ya kusagia sina, kwa hiyo nikakata vipande. Nikachemsha saa mbili kama ninavyochemsha ng'ombe, ili ilainike.

Haikulainika. Kadiri ilivyochemka ndivyo ilivyokasirika. Maharage nayo sikuyaloweka.

Wangu alitafuna akasema, tamu sana mpenzi, masikio yote mawili yakipanda na kushuka. Nikampenda mpaka nikaona aibu. Fundi hakuwa na huruma ya mapenzi. Shoga, nyama hii nikiitafuna na yenyewe inanitafuna.

Jumatano, 12 Novemba

Fundi kanifungua akili. Pini mdomoni, mguu kwenye cherehani, anasema: mnyama huyo hana mafuta, ukimchemsha anakuwa kandambili. Msage, umchanganye na mafuta ya ng'ombe.

Ushauri mzuri. Ila mashine ya kusaga nyama iliyo karibu ni moja tu, na iko kwenye bucha la Baba!

Siku hizi wifi yangu, dada yake Wangu, ndiye anayeliendesha. Baba amestaafu, yaani anakaa kando ya mizani tangu asubuhi akimkosoa. Lakini kila Alhamisi saa nne anakwenda kunyolewa. Nitakwenda saa nne na robo. Sijamwambia Wangu. Nataka kumshangaza.

Alhamisi, 13 Novemba

Kinyozi amefunga duka, kaenda kumwona mjukuu. Baba yupo!

Nilimwona nikiwa nimeshaingia, beseni kichwani, wateja watatu wamegeuka. Shikamoo, Baba. Marahaba, bibi harusi. Mama Kuku hajambo? Hajambo, Baba. Ameshatotoa? Wateja wakacheka. Na mimi nilicheka kidogo, Mungu anisamehe. Anachekesha yule mzee!

Kisha akatazama beseni.

— Una nini humo?
— Nyama, Baba. Naomba nisagiwe na mafuta kidogo.
— Nyama gani?

Nyuma yake wifi alinitolea macho makubwa kama sahani. Na mimi, na akili zangu zote, na cheti changu cha kidato cha nne:

— Ng'ombe, Baba.

Kumwambia nani? Mtu aliyekata ng'ombe miaka arobaini! Akachukua kipande. Akakibonyeza. Akakinusa. Akakigeuza kwenye mwanga upande huu na upande ule.

— Ng'ombe.
— Ng'ombe, Baba.
— Hana mafuta huyu.
— Alikuwa anakimbiakimbia sana, Baba.

Wifi akaingia chumba cha baridi ghafla. Nilisikia kikohozi huko, lakini hakikuwa kikohozi.

— Na imekatwa na nani?
— Na fundi mmoja tu, Baba.
— Mm. Fundi.

Nikangoja anifukuze. Badala yake akainuka. Akavaa aproni! Wifi anasema hajaigusa tangu mwezi wa sita. Akaisaga nyama mwenyewe, mafungu matatu ya nyama kwa fungu moja la mafuta, mara ya kwanza kwa sahani ya matundu makubwa, mara ya pili kwa matundu madogo. Mikono yake ni ya Wangu. Vidole vilevile! Nikamwambia naipika na maharage. Akanirudishia beseni akasema, hii usiichemshe kama unaiadhibu. Ikaange kidogo tu, maharage yaive peke yake, mwishoni ndipo uvikutanishe.

Nimerudi nyumbani mbio. Maharage yameshalowekwa.

Ijumaa, 14 Novemba

Imekubali! Imekubali! Vitunguu hadi vikawa rangi ya asali, bizari ikanukia hadi kwenye ngazi, nyama ikaingia, ikakaa laini, haina hasira hata kidogo. Nyanya, maharage, pilipili mbili zilizopasuliwa. Fundi alifuata harufu akiwa na futi ya kupimia shingoni. Alikula bila kusema neno, na fundi bila maneno ni cheti kikubwa kuliko kile changu.

Wangu sahani tatu. Akanibusu kwenye paji la uso, akaacha nyanya. Sijaifuta hadi sasa.

Alipotoka kwenda kuoga, nikajaza hotipoti, nikampelekea wifi. Mpe Baba, mwambie kutoka kwangu. Kabla ujasiri haujanitoka.

Jumapili, 16 Novemba

Nimemwambia Wangu. Nilidhani atacheka.

Alikuwa anapangusa kiti. Mkono ukasimama. Umemwambia ng'ombe? Baba? Mbele ya gogo lake? Akanieleza kwamba Baba aliwahi kumsamehe mtu aliyemwibia mizani. Lakini kuna mtu aliyemletea mbuzi akamwambia kondoo, na hadi leo hawasalimiani, na huyo mtu alikuwa rafiki yake.

Basi nikaona nilichofanya. Mlango ulikuwa umefungwa, mimi nikaongeza kufuli.

Ugomvi wetu wa kwanza. Umechukua dakika ishirini. Mimi nimelia kidogo, yeye ameosha vyombo vyote, hata visafi. Kisha akaja akakaa sakafuni karibu na miguu yangu. Akasema si kosa lako peke yako. Miaka mitatu nafanya kazi kule na sijawahi kumpelekea hata yai moja nikamwambia, Baba, hii ndiyo kazi yangu. Nimekuachia wewe umpelekee, tena kwa jina la ng'ombe.

Nikashika kichwa chake. Nywele zake zinanukia sabuni ya vyombo. Nampenda, nampenda, na nimeharibu.

Jumatano, 19 Novemba

Kimya. Hotipoti haijarudi.

Nilitoka nikaungame. Nikafika kona ya bucha, nikamwona Baba kando ya mizani, amenyolewa, amenyooka. Nikapinda gengeni. Nikarudi na vitunguu.

Fundi: shoga, siku hizi watu wanaungama kwa muuza vitunguu?

Jumanne, 25 Novemba

Naandika haraka, Wangu yuko jikoni na sijui niingie au nimwache.

Wifi alikuja saa kumi na mbili na hotipoti. Hakukaa. Alisimama mlangoni akisema anayo salamu ya Baba na ameamriwa aifikishe bila kuipunguza.

Salamu yenyewe ni hii. Baba anauliza: yule ng'ombe anayekimbiakimbia hutaga mayai mangapi kwa mwaka?

Nilitaka sakafu inimeze! Wangu alikuwa nyuma yangu, kijiko mkononi. Wifi akacheka hadi akashika ukuta. Anasema mzee alijua tangu kipande cha kwanza. Si kwa nyama — kwa kisu. Ule mkato wa mshazari unaoanzia upande usio wake, kuna mkono mmoja tu wa kushoto unaokata hivyo, na aliufundisha yeye, kwenye gogo lilelile, mwenye mkono akiwa na miaka tisa amesimama juu ya kreti. Alijua nyama ni ya nani, akainuka, akavaa aproni, akaisaga.

Na chakula alikila! Jumamosi, kesho yake nilipoileta, amesimama, akamtuma wifi mkate akafutia hotipoti. Halafu wiki nzima hakukitaja. Jana wakati wa kufunga ndipo akasema.

Na kuhusu uongo wangu? Hapo wifi akaacha kucheka. Baba anasema bibi harusi amedanganya vibaya sana, na mtu asiyejua kudanganya anafaa kukaa kwenye ukoo. Ila safari hii nisiseme mimi. Atakayemwekea sahani mezani ndiye atakayemwambia, kwa mdomo wake, ni nyama gani na imetoka wapi.

Nikafungua hotipoti. Ndani kulikuwa na mafuta ya ng'ombe yamefungwa kwenye karatasi. Chini yake kulikuwa na kitu kizito — jiwe la kunolea, la kijivu, limelika katikati kama kijiko. Wifi akasema, Baba anadai kisu kilichokata ile nyama kilikuwa butu, na anaona aibu kwa niaba ya kisu.

Wangu alilichukua lile jiwe kwa mikono miwili. Akaingia nalo jikoni.

Sasa namsikia ananoa. Anasimama kidogo, halafu ananoa tena. Katikati namsikia akijaribu kwa sauti ndogo: Baba, karibu, hii ni nyama ya mbuni. Anaanza upya: Baba, hii ni ya mbuni, ya shambani kwetu. Kiti cha mbao ameshakisogeza mezani.

Siku ya kuja Baba hakuitaja. Wifi alimwuliza, akajibiwa kwamba nyama haiwekewi ahadi. Kwa hiyo maharage nitayaloweka leo, na kesho, na keshokutwa, kila siku mpaka Jumapili, na fundi na mume wangu watakula chili mpaka waote pembe. Sijali! Amesema atakuja kabla mwezi haujaisha.