Agizo la Shangazi Yako

Kitindamimba wangu,

Baba yako hajambo, ni goti tu linamsumbua. Bibi hajambo, anauliza kama unakula. Dada yako hajambo, na mapacha wake wameanza kuota meno. Shangazi yako mshonaji ni mzima wa mwili, ila moyo haujatulia.

Aliuza cherehani moja kati ya mbili anunue zile sarafu za mtandaoni, za kwenye simu. Alipobonyeza kununua, simu ikamwambia asubiri. Katika kusubiri huko bei ikaruka, akapata sarafu pungufu, kisha bei ikashuka palepale. "Wifi," akaniambia, "kuna mtu alinichungulia!"

Nilikumbuka ulivyotueleza kazi yako mezani, ukicheka: programu yenu inaona agizo la mtu la kununua sarafu likiwa bado kwenye foleni, inawahi kununua mbele yake ili bei ipande, na yeye akishanunua ghali, inauza. Nami nilicheka, mwanangu. Nilidhani watu wa foleni hiyo ni matajiri wa mbali.

Juzi nilipokutajia jambo hili ulisema mtandao mbaya, ukakata simu. Mimi nilikuwa nakusikia vizuri.

Sisemi ni wewe. Nauliza tu, programu hiyo hujua inamwibia nani? Shangazi anasema, "Mwandikie mtoto wetu wa kompyuta, atamjua mwizi." Ndiye aliyekushonea sare zote za shule.

Ijumaa anauza cherehani ya pili, ajaribu tena. Nijibu kabla ya hapo, hata neno moja, nijue kama nimzuie.

Mama yako