Panya Anakusalimu

Maganzo, Shinyanga
Jumapili, 14 Septemba 2025

Kaka yangu mpendwa Luka,

Shikamoo. Barua hii ikukute nje ya shimo la dhahabu, umeoga, umekula na una nguvu. Sisi hapa nyumbani tunaendelea vizuri. Mama anakusalimu. Kikohozi chake cha vumbi kimeisha, na anauliza kama chako nacho kimeisha au unamficha. Yule ng'ombe mwekundu amezaa dume. Shuleni bado naongoza katika baiolojia, ingawa Nelly ananifuata kwa karibu hadi nasikia pumzi yake.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Lakini simu ni ya Mama, na ukipiga huweka spika ili Baba naye akusikie. Ninayotaka kukuambia hayasemeki kwenye spika. Nimempa Athanas wa basi akufikishie huko Rwamgasa, mkononi mwako.

Kaka, ulisema mwisho wa mwezi unakuja na gari kumchukua Baba umpeleke kwa mganga Geita, kwa sababu vidonge vya hospitali ni chaki tupu. Amepewa mwaka mzima, na bado mkono unatetemeka, miguu anaiburuta, uso umekauka kama wa mtu aliyenuna. Wenzako wa shimoni wanakuambia ni zebaki, ile ya kukamatia dhahabu. Baba hajawahi kushika zebaki. Ameshika jembe na mikia ya ng'ombe tu. Nakuomba usikodi gari hilo kabla hujasoma barua hii hadi mwisho.

Mwezi uliopita Mwalimu Salome alituletea mgeni darasani, Dokta Heena, binti wa mzee Dilip mwenye duka la majembe Shinyanga mjini. Yeye si daktari wa kutibu watu, ni mtafiti wa misuli ya utumbo. Alipoingia alitusalimia "Mwangaluka!" na darasa zima likaangua kicheko. Akasema tucheke tu, Kisukuma chake amejifunzia kaunta, anaweza kutuuzia misumari lakini hawezi kumposea mtu.

Asubuhi hiyo alikuwa amepitia machinjioni, akachukua kipande cha utumbo wa mbuzi kikiwa bado cha moto na kukibeba ndani ya chupa ya chai, kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi na sukari aliyoipima mwenyewe. Akakifunga uzi, akakining'iniza ndani ya bilauri ya maji yaleyale, na kipampu kikawa kinapuliza mapovu. Tukasubiri. Nelly akaninong'oneza kwamba supu inapoa. Mara kile kipande kikajikunja. Kikajinyoosha. Kikajikunja tena polepole, kama nyungunyungu mwenye mawazo. Mbuzi mwenyewe alikuwa ananing'inia buchani, lakini utumbo wake ulikuwa unaendelea na kazi. Loveness alipiga yowe akapanda juu ya dawati. Mimi nilisahau hata kuandika. Sijawahi kuona kitu kikifanya kazi hivyo bila kuagizwa na yeyote.

Ndipo akatueleza utafiti wake. Ana panya wa maabara ambao huharibiwa seli za ubongo zinazosimamia mwendo, nao huwa kama watu wenye ugonjwa wa Parkinson. Niliposikia jina hilo nilikaa wima, maana ndilo lililoandikwa kwenye cheti cha Baba. Baadaye huchukua kipande cha utumbo wao, hukining'iniza vilevile, na mashine hupima nguvu za misuli. Utumbo wa panya wake wagonjwa huvuta kwa unyonge. Alisema hata kwa binadamu tumbo huweza kugoma miaka mingi kabla mkono haujaanza kutetemeka. Hakuchoka kutukumbusha kuwa panya si mtu, na kwamba mengi bado hayajulikani. Loveness, akiwa bado juu ya dawati, alimuuliza kama hawaonei huruma. Dokta akasema huwaonea sana, ndiyo maana hathubutu kufanya jaribio la kizembe. Panya aliyekufa kwa jaribio baya amekufa bure. Hapo ndipo nilipompenda.

Nikarudi nyumbani, nikawa namtazama Baba tumboni badala ya mkononi. Lakini Kaka, binti anamuulizaje baba yake habari za choo? Hata wewe usingethubutu. Basi jioni, tukila, nikasimulia habari za panya. Mama akanikemea nisitaje utumbo watu wakiwa na matonge mkononi. Baba, ambaye siku zile alikuwa haongei, akaliweka tonge lake chini, akauliza kwa ile sauti yake iliyopungua, "Na huyo panya, choo anapata?" Nikamjibu kuwa hapati vizuri. Akasema, "Maskini panya."

Kesho yake nikimpelekea maji ya kunawa, akaniambia bila kunitazama, "Panya leo ni siku ya sita." Nilitaka kucheka, nikataka kulia. Nikamwambia panya anywe maji mengi na ale papai. Tangu hapo ndivyo tunavyoongea mimi na Baba.

Panya akanieleza mengi. Akasema vidonge vikimezwa vinakaa tumboni kama mawe. Unajua Mama, kwa mapenzi yake, alikuwa akimpa baada ya ugali, na kikombe cha mtindi juu yake, maana dawa kali haipewi tumbo tupu. Nikamweleza Mwalimu Salome, akampigia Dokta Heena, naye akasisitiza kuwa yeye hatibu, twende hospitali na habari za tumbo tuzitaje kwanza. Tukaenda. Daktari alipouliza kuhusu choo, Baba akanitazama. Nikasema panya wake anapata shida. Daktari akashangaa, akauliza kama tunafuga panya! Alipoelewa hakucheka. Akatueleza kuwa dawa ile hufanya kazi ikishafika utumboni, na tumbo zito huichelewesha njiani, tena maziwa na nyama hugombania nayo mlango. Baba aimeze kwa maji, nusu saa kabla ya chakula. Akamwongezea na dawa ya kulainisha choo.

Sasa nisikie vizuri, Kaka. Tangu tulipovuna pamba Baba alikuwa ameacha kabisa vidonge. Alikuwa akivitia mdomoni mbele ya Mama, kisha anavitema na kuvifukia kwenye majivu. Tumbo lilimjaa, na aliona aibu kusema. Wewe ulipotaja mganga alikubali haraka, si kwa kuwa anaamini, bali kwa kuwa anajua unashuka shimoni ili vidonge vile vinunuliwe. Aliona afadhali abebwe hadi Geita kuliko wewe ujue. Aliniambia, "Panya huyu ni mwizi, anakula jasho la mwanawe." Akaniomba nisikuambie.

Baba hajapona. Daktari alisema wazi kwamba ugonjwa huu haujapata dawa ya kuuondoa. Mkono bado unatetemeka. Lakini sasa anainuka kwenye kigoda bila kushikwa, na Alhamisi, wazee wa kanisa wakiwa wamekaa uani, alitokea chooni nyuma ya nyumba akitembea peke yake na kutangaza, "Panya amefika mjini salama!" Mzee mmoja akaitikia, "Bwana asifiwe." Mama alikimbilia jikoni, akacheka hadi akaketi chini. Nami nikamwona Baba anatabasamu. Kumbe muda wote ule hakuwa amenuna.

Njoo mwisho wa mwezi, Kaka, lakini uje kutusalimia, upande basi kama watu wote. Usimkasirikie Baba. Na uniombee, maana nami natamani siku moja niwe na bilauri yangu na uzi wangu, nichunguze kama Dokta Heena.

Wasalimie wenzako wote wa shimoni, na ujihadhari na kuta zenye maji.

Leo asubuhi nilimwambia Baba kuwa nakuandikia. Hakuuliza nitaandika nini. Aliutazama mkono wake, akasema, "Mwambie Luka, panya anamsalimu." Nikamjibu kwamba hutaelewa panya ni nani. Akasema, "Basi mweleze."

Mdogo wako akupendaye,
Asteria Mageni