Maji ya Moto ya Bure

Jumatatu, 2 Juni 2025
Mavyaa, mamake mume wangu, amekuja tena toka Kaloleni. Hata chai haijapoa — "Wenzio wazaa wa tatu, wewe umefunga duka?" Nikacheka tu. Moyoni nachemka! Becky ana miaka mitano, na toka hapo hakuna. Miye nimepimwa mara mbili, mzima. Nikamwambia mume wangu: baba Becky, sasa zamu yako. Alikula, akalala kaangalia ukuta.

Alhamisi, 5 Juni 2025
Amekubali! Tumeenda hospitali asubuhi. Kikopo cha mbegu alikificha ndani ya kofia, maskini Kaingu wangu. Daktari, mama mmoja mpole, kasoma majibu: mbegu chache, na nyingi hazina nguvu. Akamuuliza kazi. Kusafisha mtaro wa maji machafu wa kiwanda cha nguo, kule Kibarani. Na baada ya kazi? Kaingu akasema kwa fahari kabisa — twaoga palepale kwenye bomba la mtaro, maji yatoka ya moto, yang'oa grisi yote, tena ya bure!
Daktari akavua miwani.
Miaka minne anaoga mle. Nami nikifurahi, mume arudi nyumbani msafi!
Daktari hawezi kuapa kuwa ni hayo maji. Ila dawa za rangi, na joto lile, hudhuru mbegu za mwanamume. Aache, apimwe tena baada ya miezi mitatu. Huenda zikarudi. Huenda! Neno hilo nimelishika.

Jumamosi, 7 Juni 2025
Mavyaa kaanza habari ya kumtafutia mwanawe mke wa pili. Nilishafungua kinywa. Kaingu akanitangulia: "Mama, muache mke wangu. Kasoro iko kwangu." Mavyaa akabaki na bakuli la mchuzi mkononi.
Nampenda mwanamume huyu.

Jumatano, 11 Juni 2025
Amewaambia wenzake wasioge mle. Mumo akamcheka mbele ya wote: "Jamani, Kaingu aogopa maji kama paka!" Lakini jioni mke wa Mumo kanipigia simu, sauti chini chini. Nao wana miaka mitatu wangoja mtoto. Nikamwambia mlete, hospitali naijua. Hata wakija kumi nitawapeleka. Aibu si yetu.

Jumapili, 15 Juni 2025
Hata nguo za kanisani hatujavua — Dancan, msimamizi wao, huyo mlangoni! Mpole kama si yeye. Kaleta karatasi. Kaingu akitia sahihi kuwa maji hayakumdhuru wala hana madai, kesho ahamishiwa stoo, pakavu. Asipotia, kazi basi. "Bwana Kaingu, mfikirie mtoto."
Mtoto! Ndiye tunayemfikiria.
Stoo twaitaka, kweli. Lakini kina Mumo je, waendelee kuoga mle na karatasi yasema ni salama?
Dancan kapapasa mifuko, kalamu hana. Kaniomba. Nikasema ngoja nitafute. Nyumba nzima ina kalamu moja, nami ninayo huku chumbani, naandika. Aita sasa: "Mama Becky, hujaipata?"
Bado.
Naandika polepole. Kaingu, ajuaye kalamu ninayo, naye hajaniita.