Fremu Nyekundu ya Mzee Bortolo

Jumamosi, 8 Machi

Nimenunua baiskeli! Mke wangu Loredana hajui. Yuko kwa dada yake mpaka jioni. Nimeishusha garini nikiwa nimeifunika blanketi, kama mwizi wa kuku, ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Ilikuwa mjini Feltre, kwa watoto wa mfamasia mmoja aliyefariki majira ya baridi. Wanasafisha nyumba. Ilining'inia ghalani juu ya kuni — nyekundu, tairi zimekufa, buibui wamejenga kwenye spoki. Mwanawe mkubwa alisema baba yao aliiendesha labda mara ishirini, kisha kitambi kikamshinda.

Sikuhitaji kusoma jina. Nilitazama vile viungo vya chuma vinavyoshika mabomba, vilivyokwanguliwa kwa tupa mpaka vikawa vyembamba mwishoni. Hakuna mwingine aliyefanya vile. Mzee Bortolo Scattolin, karakana ya nyuma ya kanisa, hapa hapa kwetu. Nilijifunza kazi kwake tangu nina miaka kumi na sita. Nikiwa na kumi na tisa niliondoka, nikaenda kiwanda cha majokofu, na humo nimezeekea.

Mpango: iwe tayari tarehe 8 Juni, kwenye safari ya baiskeli za zamani huku vilimani. Barabara za changarawe, mkate na soseji kila kituo, na divai kwa asiyejali magoti yake. Mimi yangu nayajali. Nitaweka gia laini nyuma. Sheria zao zinaruhusu, mradi vishikizo vya gia vibaki kwenye bomba la chini na kamba za breki zipite nje.

Daftari hili ni la kazi. Kilichotoka, kilichoingia. Basi.

Jumatatu, 10 Machi

Loredana ameiona. Ameuliza kama kustaafu ni ugonjwa.

Vilivyotoka: magurudumu, breki, usukani, mnyororo (kutu tupu). Bomba la siti limegoma. Alumini ndani ya chuma kwa miaka arobaini na mitano — vimeoana. Nimetia mafuta. Kesho.

Alhamisi, 13 Machi

Limegoma. Nimetia amonia. Loredana amefungua madirisha yote na kusema nichague, yeye au baiskeli. Nimemwambia angoje bomba litoke kwanza.

Jumamosi, 15 Machi

Limetoka! Nililibana kwenye jiriwa, nikazungusha fremu nzima kama usukani wa lori. Lilipiga yowe. Nikacheka peke yangu.

Jumapili, 23 Machi

Baada ya misa, baa. Nimewaambia nina Scattolin. Kila mmoja ana lake. Mmoja akasema fremu zake zilikuwa tamu kama vinanda. Mwingine akasema ndiyo, mpaka ile iliyomkatikia Renzo Dal Cin mteremkoni. Wakaanza tena hadithi ya macho ya Mzee: macho yalikuwa yameanza kufa, akawa mkaidi, hataki miwani, akaunguza chuma. Niliagiza kahawa nyingine. Sikuwa na kiu ya kahawa.

Jumanne, 1 Aprili

Leo nimeondoa rangi. Dawa, kisha msasa. Nilianzia nyuma. Shingo ya fremu, pale mbele unapoingia uma wa gurudumu, niliiacha mwisho. Nilijua ninachokiogopa.

Nambari iko chini ya ekseli ya pedali: 1980, ya kumi na nne. Ya Renzo ilikuwa ya kumi na tatu. Niliijua nambari hii tangu Feltre. Nakiri hapa, maana hakuna anayesoma. Niliiona kwa tochi pale pale ghalani na bado nikasema moyoni kwamba nimeipenda kwa sababu ni nyekundu.

Shingo ni safi. Shaba ya kuunganishia imepita pande zote, mstari mwembamba uliokamilika. Si mkono wangu. Mimi nilikuwa naacha madonge.

Nikafungua ekseli. Kwa Mzee Bortolo kulikuwa na desturi: aliyeshika moto anagonga alama yake humo ndani, mahali mwenye baiskeli hataangalia kamwe. Mzee alikuwa na herufi B. Mimi nilikuwa na nyota ndogo. Alikuwa akituambia ni kwa ajili ya siku ya kiyama ya baiskeli, ili ijulikane nani wa kuchomwa.

Nyota yangu ipo. Imepondwa kwa nyundo, na juu yake imegongwa B.

Nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mpaka Loredana akaniita kula.

Jumatano, 2 Aprili

Niandike vizuri, mara moja.

Mzee alikuwa na sheria. Shingo inachomelewa Jumatatu tu, yeye akiwapo, dirisha limefungwa. Joto la chuma alilisoma kwa rangi, na rangi huonekana gizani. Nyekundu ya cheri iliyoiva — weka shaba. Ikifika rangi ya chungwa umeshaua bomba.

Jumamosi ile, Aprili 1980, alikwenda kumzika binamu yake. Aliniachia ufunguo na fremu mbili. Akasema: fanya viungo vya nyuma, vya mbele usiguse. Lakini saa tisa kulikuwa na dansi, na nilitaka Jumatatu akute kazi imeisha, ashangae. Nilifanya zote mbili, shingo na kila kitu, dirisha likiwa wazi, jua limejaa chumbani. Sikuona rangi yoyote. Shaba ilibaki mdomoni mwa kiungo, haikuingia. Nilisugua kwa tupa mpaka ikapendeza. Nikagonga nyota zangu, kwa majivuno. Nikaenda dansi.

Jumatatu nilimwambia ni vya nyuma tu nilivyofanya, na kwamba vya mbele alikuwa amevimaliza yeye Jumatatu iliyotangulia. Alikuwa na msiba. Akaniangalia, akasema labda.

Mwezi wa sita, Renzo Dal Cin, miaka ishirini na mmoja, timu ya vijana, wote tukisema atafika mbali. Fremu ilikatika mteremkoni. Taya na mfupa wa bega. Hakushindana tena. Mzee alisimama baa mbele ya watu akasema: ni mimi, ni macho yangu. Nami nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la kahawa la karakana mkononi, nimetumwa. Nilisikia neno kwa neno.

Wiki tatu baadaye nilikwenda kiwandani. Nilisema mama anataka mshahara wa kudumu. Oda za timu zilikoma. 1983 karakana ilifungwa. Bintiye Graziella alikuwa ameshaacha shule, yuko kiwanda cha miwani.

Siku za mwizi ni arobaini. Zangu zimekuwa miaka arobaini na mitano, na muda wote huo nilidhani hakuna aliyejua. Kumbe alijua. Aliichukua tena hii ya mfamasia, akaikata shingo, akaifanya upya, akanifuta.

Kunifuta kwa huruma au kwa kinyaa? Sijui nitamani lipi.

Ijumaa, 4 Aprili

Hakuna kazi. Nimefagia.

Jumamosi, 12 Aprili

Sokoni, kwa Graziella. Anauza mbegu na miche ya bustani. Nilikwenda kununua nyanya nisizozihitaji. Amesikia kuhusu baiskeli, kijiji hiki hakifichi kitu. Alifurahi mpaka akanishika mkono wenye mfuko.

Akanieleza, huku akiwahudumia watu, kwamba baada ya ajali hakuzungumza na baba yake miaka miwili. Alikuwa na kumi na sita, alitaka kuwa mwalimu. Alimuuliza kwa nini hakwenda kupima macho, na mzee hakujibu. Mpaka leo akimkata kucha kule makao ya wazee, hasira humpanda ghafla, halafu anaona aibu.

"Mama yuko kaburini na nimemsamehe yote, baba bado," alisema. "Na yuko hai, Ilario. Hilo ndilo baya."

Nilikuwa na nafasi. Foleni ilikuwa ya watu wawili tu. Nikauliza nyanya zipandwe lini.

Jumatatu, 21 Aprili

Jumatatu ya Pasaka. Watoto wamekuja na wameondoka. Nimefunga ekseli ya kisasa, ile ya boksi lililofungwa — beringi ndani, haihitaji grisi. Pia inafunika kila kitu humo ndani. Nilijiambia ni kwa ajili ya magoti.

Fremu imerudi kutoka kwa mpaka rangi. Nyekundu ile ile. Nzuri kupita kiasi.

Jumapili, 27 Aprili

Nimekwenda kwa Mzee Bortolo. Na baiskeli.

Masista wa makao ya wazee walinikataza kuingia nayo, kisha mmoja akasema ni Scattolin? Basi ingiza kupitia jikoni. Yuko bustanini, kiti cha magurudumu, blanketi magotini. Miaka tisini. Macho mazima! Alikuwa akisoma gazeti bila miwani. Nadhani hilo ndilo lililonimaliza, kabla hajafungua mdomo.

Alisema, "Jokofu limekuja kunitembelea." Akaomba fremu. Akapitisha kidole gumba shingoni, pole pole, juu, chini. Kisha akazigusa gia mpya nyuma akauliza hizi sahani za pizza ni za nini. Nikamwambia magoti. Akasema magoti yangu hayakuwahi kuwa na haraka, ila siku za dansi.

Basi alijua hata dansi.

Nilianza. Sikufika mbali, nilisema tu, Fundi, ile Jumamosi. Akainua mkono.

Alisema alipoikata fremu ya Renzo aliona nyota, na kila kitu. Akaizika nyota ile bustanini kwake, kiungo kizima. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na ufunguo alinipa yeye. Mwenye karakana ndiye mwenye moto. Hilo halikumsumbua, alisema. Kilichomsumbua ni kingine.

"Nilikungoja ndani ya ile karakana miaka mitatu. Ulikuwa unapita na pikipiki, unageuza uso upande wa kanisa. Nikasema, labda anasali."

Nililia, mzee mzima, mbele ya masista na sahani za supu. Alinipa leso yake, akaniambia nisipenge kamasi humo.

Nikamwambia nitamweleza Graziella. Hapo alikasirika kweli. Uso ulimwiva.

"Hapana. Amejenga maisha juu ya hayo. Ukimwambia leo, atajua nilimdanganya kwa hiari yangu, kwa ajili ya mtoto wa watu, yeye akaenda kuunda miwani. Macho mabovu anaweza kuyasamehe siku moja. Hilo hataweza. Nyamaza, kama ulivyozoea."

Niliahidi. Mzee akafungua gazeti lake, akasema tairi zina upepo mwingi.

Jumatatu, 28 Aprili

Kwa miaka yote mitatu niliyofanya kazi kwake, niliitii amri gani ya Mzee Bortolo kikamilifu? Sikumbuki hata moja. Hii ya jana naitii mara moja, bila taabu. Inanifaa mno. Ndiyo maana siiamini.

Ijumaa, 9 Mei

Kilomita arobaini kwa majaribio. Inakwenda kama maji. Mnyororo kimya, gia laini, kwenye mteremko fremu imetulia kabisa. Nilishuka breki mkononi njia nzima. Shingo ile imetengenezwa na fundi bora kuliko wote, najua. Mikono haikujua.

Nilimwona Renzo Dal Cin mbele ya duka la matrekta. Anatembea vizuri. Taya upande mmoja si sawa. Alinipungia mkono, akainua dole gumba kwa ajili ya baiskeli. Na huyu je? Mzee hakusema lolote juu ya Renzo. Wala mimi sikuuliza.

Jumamosi, 17 Mei. Saa nne asubuhi

Graziella yuko juu, jikoni, anakunywa kahawa na Loredana. Amekuja na kamera ya binti yake. Waandaaji wa safari wanataka ubao wa picha za mafundi wa huku, na amewaambia kuhusu alama za ndani ya fremu. Baba yake alimwonyesha akiwa mtoto. Anataka picha ya ile B.

Nilimwambia ekseli mpya inaifunika, kufungua ni taabu. Alisema atangoja. Kisha akaniambia, pale mlangoni, koti bado mwilini:

"Nataka nione kitu kimoja alichokifanya sawasawa. Nimechoka kumlaumu. Nikikiona, nadhani nitaweza."

Nimefungua. Haikuwa taabu, dakika kumi. Nimemulika kwa tochi. B inaonekana vizuri. Pembeni yake, ncha mbili za nyota hazikupondeka. Mtu asiyejua hataziona. Graziella anajua: tulipokuwa vijana alinitania kwa ajili ya nyota hiyo, akaniita jenerali.

Tupa ya duara iko mezani. Nikipitisha mara nne tano, chuma kitakuwa chuma. Mzee atapata alichoomba. Graziella atapata picha yake, na baba yake, msamaha. Kila mtu atapata kitu, na mimi nitapata zaidi ya wote, kama kawaida.

Nikiacha, ataona. Na atauliza. Na mara hii hakuna foleni ya wateja.

Mzee alisema hataweza kumsamehe. Lakini Graziella aliniambia nini sasa hivi? Kwamba anataka kuona alichokifanya sawasawa. Shingo hii aliifanya sawasawa kwa sababu yangu. Sasa ni nani kati yao nimtii? Au nauliza hivyo ili muda upite?

Viti vimesogezwa huko juu. Mlango wa ngazi umefunguka. Tupa sijaigusa. Mikono imejaa grisi, karatasi imechafuka. Yuko kwenye ngazi, anasema kuna giza, anauliza taa inawashwa wapi.

Nimemwambia iko kulia kwake.