Mustapha Uwesu na Ngoma Iliyolegea Gulwe

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotuaga pale nyumbani Area D, Ijumaa baada ya sala, funguo za nyumba zikiwa bado mfukoni mwa kanzu yako. Hukuwa umemwachia mtu. Ilibidi mwanao Uwesu azitoe mwenyewe, akaomba radhi kwanza kwa sauti, maana hata saa ile alihisi utamuuliza anatafuta nini.

Ulikuwa mtu mwema na ulikuwa mtu wa kushuku, na hatuwezi kuandika la kwanza tukaficha la pili. Maziwa uliyanusa kabla hayajamiminwa. Dereva wa bajaji alitaja kwanza njia atakayopita, ndipo ukapanda. Kwenye kopo la sukari ulichora mstari kwa penseli ujue limepungua kiasi gani. Mwizi alikuwa binti yako Ikram, na ulijua, na hukumsema hata siku moja. Ulichora tu mstari mwingine chini zaidi.

Kazi yako ya kukagua mizani madukani ilikukaa vizuri. Wenye maduka walikunung'unikia, lakini aliyenunua robo ya maharage alipata robo yake, na wapo waliotoka Chang'ombe kuja kukuzika kwa sababu hiyo tu. Duka ulilolikagua kuliko yote lilikuwa la Badrudin, rafiki yako wa ujana, muuza viungo na nafaka pale mjini. Mizani yake haikukosea hata mara moja. Ulitoka umekunja uso, ukisema, "Huyu anajua siku ninayokuja."

Chanzo chake Mama, mkeo Tabu, alikijua vizuri. Wewe na Badru mlikuwa bendi moja ya vijana ya ngoma na tarumbeta, mashati meupe, soksi mpaka magotini, mazoezi ya gwaride kila Jumamosi kwenye vumbi jekundu. Yeye alipuliza tarumbeta. Wewe ulibeba ile ngoma kubwa ya ngozi, inayofungwa kifuani na kuwashikia wenzako hatua. Mpaka uzeeni ulituonyesha sebuleni, kushoto, kulia, magoti juu, mikono ikipiga hewa, na Mama akikuambia ukae kabla hujavunja meza. Tunaimisi mno sebule ile ikiwa na wewe ndani.

Mwaka sabini na nane mlipanda treni kwenda Gulwe kwenye uzinduzi wa ghala la mazao. Mkifanya vizuri, mngechaguliwa kupiga kwenye sherehe kubwa za taifa. Mlilala kwa familia moja ya wafanyabiashara wa Kondoa, watu wa kwenu. Asubuhi mkajipanga, Badru akapuliza, ukainua mkono ukapiga, na ngoma ikatoa sauti ya gunia. Walio nyuma hawakuisikia hatua. Mstari wa kushoto ukageuka, wa kulia ukanyoosha moja kwa moja mpaka kwenye viti vya wageni. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Hamkuchaguliwa, na bendi ikafa mwaka uleule.

Badru aliigusa ngozi akasema, "Imeloa hii."

"Umejuaje?" ukamuuliza, na urafiki ukaishia hapo. Ulishikilia kwamba ndiye aliyeimwagia maji ili tarumbeta lake lisikike peke yake.

Ulirudi Gulwe mara tatu kupeleleza. Ulimuuliza kila mtu wa nyumba ile nani kati ya wenzako aliingia chumba ilimowekwa ngoma. Binti yao wa miaka kumi na minne akakujibu kwamba alfajiri alimwona Badru, yule kijana wa Kihindi, akipita ukumbini. Alikuwa anakwenda msalani, lakini hilo hukutaka kulisikia. Safari ya tatu upelelezi ulikuwa mfupi na mazungumzo na binti marefu. Baada ya miaka minne ukamwoa, na ndiye Mama.

Ngoma ulikuwa umeshaichukua bendi ilipovunjika, ukaiweka pembeni mwa sebule kama kidhibiti cha kesi. Uliifuta mwenyewe kila Ijumaa, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Mwezi wako wa mwisho ulimwagiza Uwesu, "Badru asinibebe." Siku ya mazishi mzee wa watu alipokuja kuingiza bega chini ya jeneza, Uwesu akasimama katikati, kwa adabu, akampa nafasi mtu mwingine. Badru akarudi nyuma, akafuata kwa miguu mpaka makaburini, nyuma ya watu wote.

Mama alirithi funguo zako, akarithi na jicho lako. Badru hakuacha kuja kutujulia hali, na kila alipokuja alikaa kiti cha karibu na ngoma. Mama alimpa chai na kuangalia mikono yake. Alituambia, "Mtu hakai kiti kilekile bure."

Alhamisi iliyopita alikuwa anaandaa sebule kwa ajili ya dua yako ya mwaka. Ngoma ilikuwa na vumbi la mwaka mzima, maana tangu uondoke hakuna aliyethubutu. Akasema leo utamsamehe. Akachovya kitambaa kwenye ndoo, akaifuta vizuri pande zote mbili. Muda si mrefu Badru akabisha hodi na mfuko wa mchele wa dua. Mama akaenda jikoni kuandaa chai. Mgeni alipokwisha kuaga, Mama akapita akaigonga ngoma kwa kidole, na sauti aliyoisikia aliikumbuka. Ilikuwa ile ya gunia, ya Gulwe.

Alimkuta getini akisubiri bajaji. "Shemeji, hebu rudi ndani."

Badru akarudi. Mama akafunga mlango.

"Umeifanya nini ngoma ya marehemu?"

"Mimi nimekunywa chai, shemeji."

"Wiki yote ilikuwa nzima. Wewe umekaa hapa, imelegea. Na Gulwe hivyohivyo. Mwenzio kafa, bado tu?"

Badru aliigusa ngozi kwa mgongo wa vidole. "Imeloa hii."

"Umejuaje?"

Mzee akakaa chini. "Mumeo aliniuliza hivyohivyo. Ngozi ikiloa inalegea, shemeji, kila mtu wa bendi anajua. Wewe niambie, nani kaifuta?"

Baba, wewe uliyeuliza maswali yote, hilo hukuliuliza. Mama aliangalia kitambaa kilichotundikwa kwenye ukingo wa ndoo.

Alikumbuka sauti ya marehemu bibi yetu, kule Gulwe, asubuhi ile: "Kavifute vitu vya wageni, vimejaa vumbi la treni." Kumfutia mgeni vitu vyake ni heshima, na binti alifuta kwa moyo. Matarumbeta aliyafuta mara moja. Ngoma aliifuta mara mbili, kwa maji ya kutosha, kwa sababu ilikuwa ya yule kijana mrefu.

Akamwambia Badru yote. Badru akacheka kidogo.

"Miaka arobaini na saba, shemeji. Hapa Dodoma hakuna mizani iliyokaguliwa kama yangu." Halafu akafuta macho kwa mkono wa shati. "Mizani si kitu. Siku ya mazishi nilitaka kuingiza bega tu."

Mama alilia kuliko alivyolia msibani. Jioni alituita akatuambia tuandike, kwa jina lake, bila kupunguza. Basi tunakuambia, Baba: hakuwa Badru. Alikuwa Mama, na alikuwa ameanza kukupenda.

Ijumaa asubuhi Uwesu alikwenda kwa Mzee Badru kuomba radhi. Jana, siku ya dua, walikwenda makaburini pamoja. Mzee magoti yanamsumbua siku hizi, akashika bega la Uwesu njia nzima. Safari hii walitangulia mbele.

Unakumbukwa na mkeo Tabu, aliyeomba jina linalofuata liwe karibu na lake; na rafiki yako Badrudin; na watoto wako Uwesu na Ikram; na wajukuu, ambao tayari wanapiga gwaride sebuleni. Kama bado una la kushuku, mshuku Mama. Anasema atakuja kujibu mwenyewe siku yake ikifika.

Ngoma tuliitoa juani ikakauka, na sauti yake imerudi. Tutaifuta kila Ijumaa kwa kitambaa kikavu, na siku zote tutakukumbuka. Na siku Badru atakapofika huko, Baba, mpokee tu, usimuulize kitu.