Mgomba wa Bondeni Umeota Nguvumali

Nguvumali,
Tanga.
9 Juni 1957

Mpendwa Shangazi Praxeda,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tabora, wewe pamoja na Bwana Noa. Je, kifua chake kimepona? Baba aliposikia kwamba amekuwa akikohoa tangu Pasaka alisikitika sana, akasema moshi wa gari moshi si kitu cha kuvuta kila siku. Na mgongo wako je, umekuachia? Sisi hapa hatujambo. Baba bado yuko kwenye ghala la katani, Mama anasumbuliwa na jino tu, na wadogo zangu wanakula kama siafu.

Unisamehe kwa kuchelewa kukuandikia. Barua hii nimeianza mara nyingi, kisha nikaichana. Shuleni niliandika insha bila taabu, lakini jambo ninalotaka kukueleza leo si la insha. Kwa mdomo nisingeliweza kabisa. Unanijua nilivyo, mgeni akibisha hodi mimi hukimbilia jikoni.

Shule nimemaliza, darasa la nane. Nimeomba kwenda kusomea uuguzi na majibu bado hayajaja. Kwa sasa namsaidia Mama, nashona vitambaa vya meza, na kila Jumapili naimba kwaya, katika mstari wa nyuma.

Bibi yuko hapa kwetu. Kaka Zebedayo alimteremsha kutoka Gare kabla ya masika, ili atazamwe macho. Mtoto wa jicho amefunga jicho la kulia, na kwa jicho la kushoto anaona kama mtu anayetazama kupitia chandarua. Hospitali wamesema asubiri kwanza. Analala kitandani kwangu, nami nalala mkekani. Joto la Tanga linamchosha. Kutwa anajipepea na kulalamika kwamba maji ya huku hayana ladha, ila samaki anakula vizuri.

Alipofika alikuwa na fundo katika pindo la khanga yake. Wadogo zangu walidhani ni peremende. Alipolifungua zikatoka mbegu nyeusi, ngumu, kubwa kama gololi, akawapa wachezee bao. Nilipomwuliza ni mbegu za nini, alisema ni za ule mgomba wa bondeni.

Shangazi, hapa ndipo kalamu yangu ilipokuwa ikisimama kila mara. Unajua ni mgomba upi. Ni ule mgomba-mwitu wa kando ya kijito, uliokaa miaka na miaka bila mkungu, pale Bibi aliposhikwa na uchungu akikata majani, ukazaliwa papo hapo, na kitovu chako kikazikwa chini yake, badala ya kuzikwa kwenye migomba ya nyumbani kama kile cha Baba. Tena unaikumbuka kuliko mimi ile siku ya harusi ya Kaka Zebedayo, wanawake walipokuwa nyuma ya nyumba wakimenya ndizi, nami nikiwaletea maji. Mmoja wa wageni, yule mama unayemjua, alisema mbele ya wote kwamba si ajabu Praxeda hana mtoto, maana kitovu chake kililazwa chini ya mgomba usiozaa. Baadhi yao walicheka. Bibi alikuwa na kisu mkononi, akaendelea kumenya. Wewe ulinawa mikono, ukachukua mfuko wako, ukaondoka kabla chakula hakijaiva. Tangu siku hiyo hujakanyaga Gare, na katika barua zako kwa Baba unawasalimu watu wote isipokuwa Bibi. Yeye husikiliza mpaka mwisho zinaposomwa, kisha huuliza kama ukurasa umekwisha.

Mwaka jana mgomba ule ulitoa mkungu, ukakauka, ukaanguka. Bibi alingoja machipukizi, kwa kuwa kila mgomba wa nyumbani ukifa huacha watoto kando ya shina. Alikwenda bondeni mara kwa mara kupapasa pale shina lilipokuwa, wala hakikutoka kitu. Nilimsikia akimwambia Mama kwamba labda yule mama alisema kweli, na kwamba ni yeye mwenyewe aliyekuponza, kwa kutojikongoja mpaka nyumbani siku ile ya kukuzaa.

Kisha nilizitoa zile mbegu katika bao, wadogo zangu wakalia, nikawapa kokoto. Kwenye bustani ya shule tulifundishwa kwamba mbegu yenye ganda gumu hulala mpaka maji yapate njia ya kuingia. Nikaona kama ni mbegu, basi zipandwe.

Kwanza nilikosea. Nilisikia kwamba mbegu hupenda udongo mwepesi usiotuamisha maji, nami kwetu milimani sikuwahi kuujua mchanga wa bahari. Nikaenda ufukweni nikajaza kopo, nikazifukia mbegu kadhaa humo, nikamwagilia kwa bidii. Zikaoza, zikanuka. Jirani yetu Bi Shamsiya alipoonja ule mchanga kwa ncha ya kidole alicheka mpaka akakaa kizingitini. Akaniambia una chumvi, hata mchicha unaukimbia.

Huyu Bi Shamsiya ni mama wa Kiarabu, mjane, anayeoka mikate ya mofa uani kwake na kuiuza asubuhi. Nilipomweleza ninachootesha alinitazama kwa huruma. "Benedikta mwanangu, nyinyi watu wa milimani mna visa. Ndizi tangu lini ikapandwa kwa mbegu? Kesho utaniletea yai la ng'ombe nikuatamizie." Lakini ndiye aliyenisaidia kuliko watu wote, kama utakavyoona.

Mbegu zilizobaki niliziloweka katika maji ya uvuguvugu, nikiyabadilisha asubuhi na jioni. Zilizoelea nilizitupa. Zilizozama nikazisugua juu ya jiwe la kunolea visu, polepole, mpaka ule weusi ukaanza kugeuka hudhurungi upande mmoja. Moja niliisugua kupita kiasi ikapasuka, na ndani mkawa na unga mweupe kabisa. Safari hii nilitumia udongo wa chini ya majani yaliyooza, nikauchanganya na mchanga wa mtoni, nikatoboa kopo matundu kwa chini. Sasa lilitakiwa joto lisilokatika, hata usiku. Bi Shamsiya akasema kopo liegemee tanuri lake la mofa, upande usiochoma sana, nikalifunika kwa kipande cha gunia. Kila akimaliza kuoka aliuliza kama ng'ombe amekwisha taga.

Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu. Nilikuwa nikienda alfajiri kunyunyiza maji, na Mama akaanza kuniuliza kama sina kazi nyingine. Bibi hakuuliza lolote. Nilidhani hajui, kumbe alikuwa akizihesabu hatua zangu kwenda uani na kurudi.

Wiki iliyopita, siku ya Jumanne, Bi Shamsiya alibisha hodi mwenyewe, mikono ikiwa na unga, naye hakutania. Alisema tu nije. Udongo ulikuwa umepasuka, na katikati palichomoza kitu cha kijani, kimejiviringisha kama jani la tumbaku. Umeota mmoja tu mpaka leo. Nyingine sijui.

Nililibeba kopo mpaka kwa Bibi. Alilipakata, akanusa udongo, kisha akalishika lile jani kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika sikio la mtoto mchanga. Akaniuliza kama kweli limetoka kwenye mbegu, nikamwambia ndiyo.

"Basi kumbe unazaa," alisema. "Mimi nilikuwa napapasa kwenye shina, kumbe watoto wake walikuwa ndani ya ndizi. Na nimewapa watoto wachezee bao."

Nilidhani amemaliza, nikataka kulirudisha kopo kwenye joto, akanishika mkono. Maneno yafuatayo ameniagiza niyaandike kama alivyoyasema, nami sijayapunguza wala kuyaongeza.

"Mwandikie Praxeda. Mwambie siku ile nilikuwa na la kusema, nikanyamaza kwa kuwaogopa wageni. Yule mama nilipaswa kumwondoa mimi, asiondoke mwanangu. Mwambie huu mgomba ni wake. Mtu asiupande kwa niaba yake. Aje aupande mwenyewe, anapotaka yeye, hata kama ni huko Tabora."

Shangazi, mimi ni mtoto na sijui mambo ya watu wazima. Naomba usidhani kwamba niliotesha mbegu hii nikitazamia libadilike jambo lolote nyumbani kwako. Wewe ulinifundisha kusuka ukili na kufunga kilemba, ukanitetea nilipovunja mtungi wa Bibi, na sijawahi kuona upungufu wowote kwako. Nilitaka tu yale maneno ya harusini yasibaki peke yake. Hata yangekuwa ya kweli hayakustahili kusemwa.

Baba anasema ukiamua kuja, Kaka Zebedayo atakupokea Korogwe na kukuleta huku kwanza. Bibi amekataa kurudi Gare na Kaka alipokuja kumchukua. Amesema joto si baya kama alivyodhani, ingawa bado anajipepea kutwa.

Mgomba umekwisha fungua jani la kwanza na la pili linachungulia. Nimeuhamishia katika debe, usibanwe mizizi. Bi Shamsiya anasema sasa una haraka, kufidia ulivyotukawilisha mwanzoni. Ningependa uje wakati mgomba bado unaweza kupakatwa ndani ya basi.

Baba na Mama wanakusalimu sana. Kaka Zebedayo na mkewe Bertha wanakusalimu, na wadogo zangu wanauliza kama Tabora kuna asali kweli. Bi Shamsiya, ambaye hujamwona, naye anasema salamu zake zikufikie, na kwamba mofa yako itakuwa ya moto. Nisalimie Bwana Noa, umwambie asitoke na fulana moja jioni.

Bibi anakusalimu. Amenitaka nihakikishe salamu zake ziko mwishoni, zisije zikapotea katikati ya za wengine.

Mungu akulinde njiani na nyumbani, na akupe moyo mwepesi.

Ni mimi mtoto wako nikupendaye,
Benedikta